Iron Man amegeukaje mkatili hivi?

*Nimemaliza matoleo yote 7 ya Civil War ya Marvel. Wenzangu wanaisifu, lakini mimi sielewi Iron Man aligeukaje mkatili ghafla. Je, kuna nilichoruka, au nimepoteza hela bure? – Mpenzi wa katuni*

Hela yako haijapotea, na hukusoma vibaya. Hadithi kuu ya Mark Millar na mchoraji Steve McNiven, ya 2006 hadi 2007, inakimbilia mapigano. Sababu za wahusika zimetawanywa kwenye mifululizo mingine ili uinunue nayo.

Usinunue yote. Tafuta The Amazing Spider-Man namba 532 hadi 538. Kwenye hadithi kuu Peter Parker, yaani Spider-Man, anavua kinyago mbele ya waandishi wa habari, basi. Huku utamkuta kwanza nyumbani, akishauriana na mkewe Mary Jane na shangazi May. Baadaye anazuru gereza la mashujaa waliokataa kujisajili serikalini kama sheria ilivyotaka, na kumbana Tony Stark, yaani Iron Man, kwa maswali.

Hata hivyo, kwangu Stark hajatetewa vya kutosha. Thor bandia ambaye Stark na wenzake walimtengeneza anamuua shujaa Goliath, nasi tunasukumwa haraka kwenye pambano linalofuata. Hapo nakuunga mkono kabisa.

Ukichanganyikiwa na mpangilio wa kusoma, waulize wauzaji wa katuni. Swali hilo wamelizoea.