Donda Shavuni, Chanzo Jinoni

Kuna kidonda cha usoni kisichosikia dawa ya kupaka wala sindano. Kinajifunga, kinafumuka tena. Wasomaji wa miji ya Jinja na Mbale, Uganda, wameuliza mengi juu yake, na daktari wa meno anawajibu.

Daktari, nina kidonda chini ya taya, yapata mwaka sasa. Hakiumi, ila kila baada ya wiki kadhaa kinatoa usaha. Hapa Jinja nimepaka kila dawa niliyouziwa. Ni jipu gani hili?

Fungua mdomo kwanza, ndugu yangu. Jipu la kawaida huiva, hupasuka, likapona. Kinachofumuka mahali palepale, tayani au kidevuni, mara nyingi ni mlango wa nje wa ugonjwa ulioko jinoni.

Jino likitoboka hadi ndani, penye mishipa ya damu na ya fahamu, vijidudu huingia na nyama ile laini hufa. Uozo hufuata mzizi hadi nchani, usaha hukusanyika mfupani, kisha hutafuta pa kutokea kwa kuula mfupa. Ukitokea mdomoni, utaona kijipu kwenye ufizi. Lakini kama ncha ya mzizi iko chini ya mahali msuli wa shavu au wa kidevu ulipojishika, usaha hutokea nje, kwenye ngozi. Ndiyo maana meno ya chini, hasa magego, huleta kesi nyingi kuliko ya juu. Kwa uozo huo watu wa Busoga, upande wa Jinja, hulaumu miwa; mimi nalaumu zaidi soda na chai ya sukari inayonywewa kutwa.

Kidonda hakiumi kwa sababu jino limeshakufa, na usaha umepata njia. Kinachouma ni usaha uliobanwa.

Nikivaa glovu na kupitisha kidole ndani ya shavu, hugusa kitu kigumu kama uzi wa mshipi, kimetoka mfupani hadi kwenye kidonda. Ngozi ya juu yake imebonyea, ukiivuta haifuati. Kisha naingiza kijiti chembamba cha mpira kwenye tundu la kidonda na kupiga eksirei. Kijiti hicho huonekana kwenye picha, nacho huishia kwenye mzizi wa jino lenye kosa.

Mimi ni mwendesha bodaboda wa Mbale. Meno yangu hayana tundu hata moja, lakini kidevu kinatoa majimaji. Hapo napo ni jino?

Uliwahi kuanguka? Jino la mbele likigongwa, mishipa yake inaweza kukatika kwenye ncha ya mzizi, jino likafa bila kutoboka. Kidonda huja miezi au hata miaka baadaye, ajali ilishasahaulika. Kitazame kioo: huenda jino moja limegeuka kijivu. Daktari akiligusa kwa pamba yenye ubaridi mkali, jino hai hushtuka. Lililokufa halina habari.

Nilimeza antibayotiki, kikakauka, kikarudi. Nimeze nyingine?

Hapana. Dawa husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa hakuna damu. Mizizi isafishwe na kuzibwa, au jino ling'olewe. Kung'oa ni nafuu, ingawa jino la mbele ningelipigania. Chanzo kikiondoka, kidonda kwa kawaida hufunga chenyewe ndani ya wiki moja au mbili, kikabaki kishimo. Wanaokatwa ngozi kabla jino halijaguswa hukatwa bure. Lakini daktari akikuta meno yote ni mazima, kipande cha ngozi kipelekwe maabara, kwa kuwa kifua kikuu na saratani ya ngozi navyo hutoa vidonda vya namna hii.

Mwanangu ana miaka 6. Taya limevimba na magego yanalegea. Jirani anasema nimpeleke, aking'olewa meno atapona.

Mama, usimng'oe kwanza. Jino la utotoni lililooza linaweza kuvimbisha shavu, na mara nyingi huwa ni hilo. Lakini uvimbe wa taya unaweza pia kuwa saratani, na Jinja ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Wiki chache baadaye, akizuru hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Alipompima, alimkuta na uvimbe tumboni pia. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya ugonjwa ambao leo huitwa limfoma ya Burkitt: saratani ya watoto inayohusiana na malaria na kirusi cha Epstein-Barr kilichogunduliwa mwaka 1964. Ndiyo maana hupatikana zaidi nyanda za chini zenye mbu kuliko miinuko ya Mlima Elgon.

Uvimbe huu hukua upesi ajabu. Meno hulegea bila kuoza, jicho huweza kutokeza, tumbo likajaa. Ukiona hayo, mpeleke leo hospitali ya rufaa ya Mbale au ya Jinja. Ugonjwa huu hutibiwa kwa dawa za saratani, na watoto wengi wanaowahi hupona. Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago ilianza mwaka 1967 kwa ajili ya limfoma hasa.

Lini nisingoje asubuhi?

Uvimbe ukienea chini ya kidevu pande zote mbili, ulimi ukainuliwa, mate yakidondoka kwa kushindwa kumeza, au sauti ikibadilika. Hapo maambukizi yameshuka shingoni na yanaweza kuziba pumzi usiku huohuo. Mkimpeleka mgonjwa hospitali, asilazwe chali. Akae wima, ameinamia mbele, hadi afike.