Tuutunze Mgongo

Mara nyingi tumewaona watu wenye nguvu waliokwenda shamba asubuhi wakitembea wima, na jioni wakarudi wamejishika kiuno. Ukiwauliza, hujibu, "Ni uzee." Lakini wengine wao hawajatimiza hata miaka 40. Kwa hiyo twapenda kueleza kidogo jinsi mgongo ulivyo, na mambo yauumizayo.

Uti wa mgongo si mfupa mmoja kama fimbo. Ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine: 7 za shingo, 12 za kifua zishikazo mbavu, na 5 za kiuno; na chini yake zimo nyingine zilizoshikamana. (Twiga naye, pamoja na urefu wake wote, ana pingili 7 za shingo kama sisi.) Kati ya pingili na pingili pana gegedu, ambayo ndani yake mna ute wenye maji mengi. Hiyo ndiyo ipokeayo uzito. Mchana maji yake hukamuliwa kidogo kidogo, na usiku tulalapo hurudi. Ndiyo sababu mtu huwa mfupi jioni kuliko asubuhi, kama sentimeta moja hivi. Gegedu hulishwa kwa mwendo wa mwili, basi kukaa kutwa bila kujinyosha hakuifai.

Mwaka 1999 wataalamu wa Ulm, katika nchi ya Ujerumani, walieleza habari za mtu mmoja aliyekubali kutiwa kipimo chembamba ndani ya gegedu ya kiuno chake. Aliposimama tu, kipimo kilionyesha 0.5. Alipoinua mzigo wa kilo 20 kwa kuupinda mgongo, kilipanda hata 2.3, alipouinua kwa kukunja magoti, 1.7. Alipoushika karibu na kifua, kilionyesha 1.1; alipoushika mbali na kifua kwa sentimeta 60, 1.8. Huyo ni mtu mmoja, wala hatusemi kwamba migongo yote ni sawa na wake. Lakini kilo 20 ni kama debe la maji, nalo huinuliwa kila siku na mama zetu na dada zetu.

Basi, uinuapo debe, lisogelee sana, chuchumaa, livute karibu na mwili, kisha inuka kwa nguvu za miguu. Ukitaka kugeuka, geuza nyayo, usikipinde kiuno huku umeshika mzigo. Na iliyo bora ni kutwikwa na mwenzako. Hapa twasema waziwazi: tumewaona wanaume wameketi barazani, wakimtazama mwanamke akijitwisha peke yake. Kumtwika mtu ni kazi ya dakika moja!

Jembe lenye mpini mfupi humlazimisha mkulima kuinama saa nyingi. Mwenye uwezo na atie mpini mrefu, tena asimame kujinyosha kila amalizapo tuta. Nao walimu waandikao sana wainue kitabu, wasikiinamie, wakaondoke kitini mara kwa mara.

Zamani mgonjwa wa mgongo aliamriwa kulala siku nyingi. Siku hizi waganga hawashauri hivyo, kwa maana kulala sana hudhoofisha. Apumzike kidogo, kisha atembee na kufanya kazi nyepesi. Maumivu mengi hupungua katika majuma machache.

Lakini ziko dalili zisizongoja. Miguu ikifa ganzi au kulegea, au mtu akishindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitali siku ile ile. Vivyo hivyo aliyeanguka kutoka juu ya mti. Na maumivu yasiyokoma, pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, huenda yakawa kifua kikuu cha mifupa. Ugonjwa huo hula pingili na kumfanya mtu, hata mtoto, kuwa na kibyongo. Dawa yake ipo, nayo huponya. Ila kibyongo kikiisha kutokea, dawa haikinyoshi.