SOMO LA SAYANSI: Kazi Mbili za Mkondo wa Umeme, Joto na Sumaku



Somo letu safari hii ni la fizikia ya shule ya sekondari, na tumeliandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza, wazazi wengi kati yetu tulisoma fizikia kwa Kifaransa tukiwa Kongo, lakini watoto wetu hapa Rwanda wanaisoma kwa Kiingereza, kwa kuwa mwaka 2008 serikali iliamua kukifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Mtoto anafungua daftari, mzazi anatazama na kunyamaza. Kwa Kiswahili tunaweza kulisoma pamoja.

Sababu ya pili ni ya nyumbani. Wengi wetu hapa Gisenyi tumepanga vyumba katika ua mmoja, familia kadhaa kwenye mita moja. Umeme ambao mwanafunzi anauchora darasani ndio huo huo unaopita kwenye waya juu ya kitanda cha mdogo wake. Somo hili likieleweka vizuri linaweza kuzuia nyumba kuungua.

1. Mkondo ni nini?

Mkondo wa umeme ni mwendo wa chembe ndogo sana ndani ya waya. Tunaupima kwa ampea. Msukumo unaozisukuma tunaupima kwa volti. Katika nyumba zetu ni volti 230. Upinzani ambao waya unautoa dhidi ya mkondo unaitwa ukinzani, na tunaupima kwa omu. Nguvu ambayo chombo kinatumia tunaipima kwa wati, na kanuni yake ni hii:

wati = volti × ampea

Mkondo ukipita kwenye waya, daima hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: hutoa joto, na huufanya waya uwe na nguvu ya sumaku. Hakuna mkondo kwenye waya wa nyumbani unaofanya moja bila nyingine.

2. Kazi ya kwanza: joto

Chembe zikipita hugongana na atomi za waya, na kugongana huko huleta joto. Mwingereza James Joule ndiye aliyelipima joto hilo kwa makini, miaka ya 1840 na 1841. Aligundua kwamba:

joto = mkondo × mkondo × ukinzani × muda

Angalieni vizuri: mkondo umeandikwa mara mbili. Hapo ndipo ilipo siri ya somo zima. Ukizidisha mkondo mara 2, joto halizidi mara 2, linazidi mara 4. Ukizidisha mkondo mara 3, joto linazidi mara 9.

Sasa chukueni resho, lile jiko la umeme lenye koili. Mkondo unaopita kwenye koili ndio huo huo unaopita kwenye waya wake. Kwa nini basi koili inakuwa nyekundu na waya unabaki wa kushikika? Jibu ni ukinzani. Waya ni wa shaba, madini yanayochimbwa kwa wingi kule Katanga, mkoa wa zamani ambao tangu 1971 hadi 1997 uliitwa Shaba. Shaba hupitisha umeme kwa urahisi sana. Koili ya resho kwa kawaida hutengenezwa kwa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromu, ambao ukinzani wake ni zaidi ya mara 60 ya ule wa shaba kwa waya wa unene na urefu ule ule. Joto linatokea pale penye ukinzani mkubwa. Pasi nayo inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo.

3. Hesabu ya kiungo kibovu

Tufanye hesabu. Tuseme resho ina wati 1,150. Wati 1,150 tukigawa kwa volti 230 tunapata ampea 5.

Sasa tuseme waya ulikatika, mtu akausokota kwa vidole na kuufunga kwa kipande cha mfuko wa plastiki. Kiungo hicho kimelegea, na kina ukinzani wa omu 2 hivi. Joto linalotokea hapo kila sekunde ni kama 5 × 5 × 2, yaani wati 50. Zote ziko kwenye kiungo kidogo kama punje ya mahindi.

Jirani naye anachomeka resho yake kwenye waya huo huo. Mkondo unakuwa ampea 10. Joto kwenye kiungo ni kama 10 × 10 × 2, yaani wati 200. Resho imeongezeka moja tu, lakini joto la kiungo limekuwa mara 4. Waya wa kawaida wa nyumbani wenye gamba la plastiki umetengenezwa usipite nyuzi 70 za Selsiasi. Ukipita hapo kwa muda mrefu gamba hulainika, huharibika, na mwisho hushika moto. Kama kiungo kimegusa turubai, pazia au godoro, mnajua kinachofuata.

Kumbe hatari kubwa mara nyingi haipo kwenye resho tunayoiona ikiwaka. Ipo kwenye kiungo tusichokiona.

4. Kazi ya pili: sumaku

Mwaka 1820, huko Copenhagen, mwalimu Mdenmarki Hans Christian Ørsted aliona kwamba sindano ya dira inageuka ikiwekwa karibu na waya wenye mkondo. Mkondo ukikatwa, sindano inarudi. Hivyo ilijulikana kwamba umeme na sumaku ni ndugu.

Waya mmoja ulionyooka una sumaku dhaifu. Ukiuzungusha mara nyingi uwe koili, nguvu zinajumlishana. Ukitia chuma ndani ya koili, nguvu inaongezeka sana. Hiyo inaitwa sumaku-umeme.

Jaribio la kufanya nyumbani:

Tafuta msumari wa chuma, waya mwembamba wa shaba wenye gamba, urefu wa mita 2, betri moja ya tochi ya volti 1.5 (lile jiwe la redio), na pini chache. Zungusha waya kwenye msumari mara 30. Menya ncha za waya na uziguse kwenye pande mbili za betri kwa sekunde 5 tu. Hesabu pini zilizonaswa. Kisha zungusha mara 60 ujaribu tena. Utaona pini zinaongezeka. Ukiachia waya, pini nyingi zinaanguka.

Gusa waya na betri baada ya jaribio: vimepata joto. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, inafanyika pamoja na ya pili. Tunawasihi: jaribio hili ni la betri tu. Usilifanye kamwe kwa umeme wa ukutani, unaua.

Kujua ncha ya kaskazini ya koili, ishike kwa mkono wa kulia, vidole vinne vikifuata njia ya mkondo kutoka upande chanya wa betri. Kidole gumba kinaonyesha kaskazini.

Spika ya redio, kengele ya umeme na mota ya feni zote zinatumia kazi hii ya pili. Na kinyume chake pia ni kweli. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na koili, mkondo unatokea. Hivyo ndivyo maji ya mto Sebeya, unaoshuka hapa Gisenyi, yanavyotupa umeme: maji yanazungusha mashine, sumaku na koili zinapishana, na mkondo unatokea. Ni vivyo hivyo kwa kituo cha KivuWatt kule Karongi, kilichozinduliwa mwaka 2016. Gesi ya methani ya ziwa Kivu inachomwa ili kuzungusha mashine.

5. Swichi ndogo yenye kazi zote mbili

Karibu na mita kuna swichi ndogo ambayo umeme ukizidi inaanguka yenyewe. Mafundi waliosoma Kifaransa huiita disjoncteur. Ndani yake kuna walinzi wawili.

Mlinzi wa kwanza ni bamba la metali mbili zilizobanwa pamoja. Zikipata joto, moja hurefuka kuliko nyingine, bamba linapinda na kukata umeme. Huyu anashughulikia mzigo uliozidi. Kama swichi imeandikwa 10 A, na ua mzima umewasha resho mbili na pasi, kila moja ampea 5, jumla ni ampea 15. Bamba litapinda na kukata, ingawa si papo hapo.

Mlinzi wa pili ni koili, yaani sumaku-umeme. Nyaya mbili zikigusana, mkondo unaruka kuwa mkubwa mno kwa ghafla. Koili inavuta chuma na kukata umeme kabla ya kufumba na kufumbua.

Kwa hiyo swichi ikianguka haijakosea. Imekuambia kuna mzigo mkubwa au waya mbovu. Kuweka kubwa zaidi bila kubadilisha waya, au kutia waya mnene mahali pa fyuzi, ni kumfukuza mlinzi na kumwacha mwizi ndani.

6. Mambo ya kushika nyumbani

- Kubalianeni uani nani anawasha resho saa ngapi. Zisiwake zote pamoja.
- Plagi yenye joto, harufu ya plastiki inayoungua, au taa inayofifia resho ikiwashwa ni dalili. Zima, ita fundi.
- Usipitishe waya chini ya godoro, wala usiuache umeviringwa ukiwa na mzigo mkubwa. Joto linakosa pa kutokea.
- Waya ukishika moto, zima kwanza swichi kubwa kama unaweza kuifikia salama, na watoe watoto nje. Usimwage maji juu ya umeme.

7. Maswali ya kujipima

a) Pasi ya wati 920 inatumia ampea ngapi kwa volti 230?
b) Mkondo ukiongezeka mara 3, joto la kiungo linaongezeka mara ngapi?
c) Nyaya mbili zimegusana. Ni mlinzi gani wa swichi anakata kwanza?

Majibu: a) ampea 4, b) mara 9, c) koili ya sumaku.

Wazazi, mwombeni mtoto awaelezee sehemu ya tatu kwa maneno yake mwenyewe, kisha zungukeni pamoja nyumbani mkitazama viungo vya nyaya kwa macho, bila kuvigusa. Mkikuta kibovu, msingoje kesho.