Dondoo muhimu: Kupokea mgeni wa mashamba ya viungo, Mkuyuni

Karafuu zilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia, pilipili manga kusini mwa India, vanila Meksiko. Viungo vyenyewe vilitoka mbali, hivyo mgeni wa mbali akifika shambani, mna mengi ya kuzungumza.

• Anzeni na salamu. Mfundishe kuwaamkia wazee "shikamoo" kabla hajauliza lolote.

• Mwonyeshe kazi ya mikono. Ua la vanila hufunguka siku moja tu: inua kiwambo kwa kijiti, bonyeza chavua. Mbinu hii aliibuni Edmond Albius mwaka 1841 kisiwani Réunion, akiwa mtumwa wa miaka 12.

• Eleza ukoo. Sisi Waluguru hufuata upande wa mama, hata katika urithi wa ardhi. Kisha muulize kwao hali ikoje, umsikilize bila kumkatiza.

• Picha ni kwa ruhusa. Mwambie mapema, hasa kuhusu watoto.

• Weka daftari. Andika salamu za lugha yake kama unavyozisikia. Utazihitaji kwa mgeni ajaye.

• Kiluguru kisiachwe. Watoto wasikie mkikizungumza mbele ya wageni, wajue nacho kina heshima.