Gitaa, ngoma na ligombo ndani ya ndege

Tangu uwanja wa Songwe uanze kutumika mwaka 2012, wanamuziki wa Mbeya wanaweza kupiga shoo Dar na kurudi kesho yake. Wa Iringa wana Nduli. Ndege yenyewe haivunji ala. Kinachovunja ni kurushwarushwa kwa mizigo chini.

1. Uliza kabla ya kukata tiketi. Makabati ya juu kwenye ndege za propela ni madogo, gitaa kubwa haliingii. Taja urefu wa kasha kwa sentimita, na ukikubaliwa, omba jibu kwa maandishi.

2. Gitaa huvunjikia pale kichwa kinapoungana na shingo. Kasha likianguka kwa mgongo, kichwa hurudi nyuma kwa nguvu kwa sababu kina vifungio vizito vya chuma, na mbao hukatika. Kwa hiyo legeza nyuzi kidogo (zisilegee kabisa), kisha jaza masweta chini ya shingo na kuzunguka kichwa. Kwa baridi ya huku, nani hana sweta? Tikisa kasha. Ukisikia kitu kinagonga, fungua upange upya.

3. Ligombo la Wahehe linataka upole zaidi. Uzi mmoja mrefu umepitishwa huku na huku juu ya ubao uliochimbwa kama mtumbwi, na kibuyu kinakuza sauti. Kibuyu ndicho cha kuogopea: kijaze vitambaa, kizungushie blanketi, na ukiweza omba ligombo libebwe mkononi. Usiliache mikononi mwa wapakizi, tafadhali.

4. Ngoma iliyowambwa huku kwenye hewa kavu ya kiangazi italegea kwenye unyevu wa Dar. Usiikaze kupita kiasi kabla ya safari. Fika mapema uianike juani.

5. Unakwenda nje? Angalia ngozi. Ya kenge inahitaji kibali, maana biashara yake inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Hata ya mbuzi, itangaze kwa wakaguzi ukiingia Australia.

6. Tarumbeta: toa mdomo, ufunge peke yake. Kinanda cha kwaya: boksi lake la dukani, pamoja na povu lake.

7. Piga picha ala mbele ya kaunta, na ukifika uifungue kabla hujatoka uwanjani. Ukikuta ufa, andikisha hapo hapo. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 tu za kulalamika kwa maandishi.