Dondoo muhimu: Kitambulisho cha mashine katika nakala za Linux
Fundi atakaye kutengeneza nakala moja ya mfumo wa Linux ili aipandikize katika kompyuta nyingi hana budi, kabla ya kuifunga, kulitazama faili la /etc/machine-id, lenye alama 32 za kuitambulisha mashine hiyo peke yake. Kwani likienda kama lilivyo, mashine zote zitajitambulisha sawasawa, na systemd-networkd inapoomba anwani kwa DHCP, seva yaweza kuzipa mbili anwani moja, zikagombana mtandaoni bila ya sababu kudhihirika.

Dawa ni kuyafuta yaliyomo, wala si kuliondoa faili lenyewe: amri ya truncate -s 0 /etc/machine-id yatosha, na mashine iwashwapo mara ya kwanza itajitungia kitambulisho kipya. Litazamwe pia faili la /var/lib/dbus/machine-id, ambalo, likiwa nakala kamili badala ya kiungo, aghalabu ndilo linalorudisha kitambulisho cha kale, fundi akadhani kazi yake imebatilika.

Funguo za seva ya SSH zilizomo katika /etc/ssh nazo zifutwe, ila baada ya kuhakikisha kwamba mfumo utazizalisha upya uwakapo. La sivyo, hakuna atakayeweza kuingia kwa mbali.