Je, kudumaa kwa mtoto tumboni kwaweza kujulikana mapema?

SWALI: Daktari, mtoto wangu wa kwanza alitimiza miezi tisa tumboni lakini alizaliwa na kilo 1.9. Sasa nina mimba ya wiki 11. Kuna kipimo cha kunijulisha mapema kama huyu naye atadumaa?

JIBU: Hakuna kipimo kimoja cha kutabiri kwa uhakika, ila historia yako yenyewe ni onyo kubwa. Anza kliniki sasa, usingoje tumbo lionekane. Ultrasaundi ya mapema ndiyo msingi, kwani umri wa mimba usipojulikana sawasawa, hatuwezi kusema mtoto ni mdogo au tarehe zilikosewa. Shinikizo la damu, figo, kisukari na sigara huongeza hatari. Malaria pia, kwa kuwa vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma na kumpunguzia mtoto chakula. Kwa hiyo lala kwenye chandarua. Muulize daktari kuhusu aspirini ya dozi ndogo, ambayo kwa anayeihitaji huanzwa kabla ya wiki ya 16, usijinunulie.

Kuanzia wiki ya 24, mkunga apime kimo cha mimba kwa utepe: sentimita hukaribiana na wiki. Zikipungua kwa tatu au zaidi, omba ultrasaundi ya ukuaji, na ya Dopla inayoonyesha mtiririko wa damu kwenye kitovu. Kwako wewe ningeomba ultrasaundi hizo hata utepe ukiwa sawa, maana utepe huwakosa wengi.

Mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali siku hiyo hiyo.